Mbu Hawasafiri Desemba

Nimestaafu kwa hiari, miaka michache kabla sheria haijanilazimisha, na vijana niliowaacha kwenye kitengo wameniomba niwaandikie nilichojifunza. Nadhani wanatarajia hotuba. Hotuba sina. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikunifundisha lolote, na mshahara nitauruka kwa sababu haukuwahi kukaa nami muda wa kutosha kunifundisha. Kilichobaki ni mbu, mapipa, vyoo na watu wa Kariakoo, na habari zao ndizo nitakazoeleza, kwa mpangilio niliokutana nao.

Chuo kikuu nilisoma ikolojia, yaani elimu ya viumbe na mahali wanapoishi, nikitarajia tembo. Vitabu vyetu vilijaa nyika, simba na swala, pamoja na mishale ya kuonesha nani anamla nani. Nilijiona tayari ndani ya gari lisilo na paa, kofia kichwani na darubini shingoni. Serikali, kwa hekima ambayo sijaielewa hadi leo, ikanipanga kwenye kitengo cha kudhibiti mbu katikati ya Dar es Salaam, mahali ambapo ningeweza kufika kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Magomeni. Mama yangu alishukuru sana. Alisema heri mbu, maana tembo angeniua. Sikuwa na moyo wa kumweleza ni yupi kati ya hao wawili aliyekwisha kuua watu wengi zaidi.

Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Elirehema, mtu wa Kilimanjaro, Mlutheri wa mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola, mwenye shahada mbili ambazo hakuzitaja mpaka ulipokosea. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi kata nyeupe ya chuma iliyofungwa kwenye mpini mrefu, akaniambia nisiipoteze kwa kuwa hiyo ndiyo maabara yote ya kitengo. Kisha akanipeleka uani mwa nyumba moja ya Kiswahili nyuma ya soko, penye choo cha shimo. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Alivitazama tu kwa huruma ya kitaalamu, kama mtu anayetazama spishi isiyo na maisha marefu.

Aliteka maji ya shimoni, akanionesha. Ndani ya kata viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijikunja na kujikunjua kwa mamia. Nikamtajia jina lao la kisayansi, hatua zao za ukuaji na makazi wanayoyapendelea. Aliniacha nimalize.

“Binti Magomeni,” akasema, “anapokaa hata mwenye choo anapajua. Mimi nataka kitu kimoja. Ukimwondolea nini hapa, atashindwa kuishi?”

Nikajibu maji. Akaniuliza kama nilikuwa tayari kuingia ndani na kumweleza mwenye nyumba kwamba serikali imeamua kukausha choo chake. Nikajibu chakula. Akaniomba nisogeze pua karibu na shimo, kisha nimwambie kama naona dalili yoyote ya njaa. Niliposhindwa, alifungua gunia alilokuja nalo. Lilijaa punje nyeupe nyepesi, zile zinazotokana na maboksi ya televisheni mpya, ambazo Kariakoo huzitupa kila siku bila kujua thamani yake. Akazimwaga shimoni zikaelea, zikafunika uso wote wa maji. Kiluwiluwi huishi majini lakini hupumua hewa: hupanda juu, hutoa mrija wake mdogo, huvuta, hushuka. Sasa walipanda wakakuta dari.

Hilo ndilo somo la kwanza la ikolojia nililolielewa, ingawa mtihani wake nilikuwa nimeshaufaulu. Kiumbe hahitaji kupungukiwa kila kitu ili ashindwe. Kitu kimoja kinatosha, mradi kiwe kile chenyewe. Nimeliona hili baadaye kwenye ndoa za watu, lakini hayo hayakuwa katika majukumu yangu.

Mwaka huo nilifundishwa kuwatofautisha mbu wetu kwa tabia kabla ya kuwatofautisha kwa mabawa. Mbu wa vyooni ndiye mwenyeji: anapenda maji mazito, anauma usiku, anapiga kelele sikioni na hana aibu. Mbu wa malaria alikuwa mtu wa mashamba, mwenye kupenda madimbwi safi yanayopigwa na jua. Alipohamia mjini akakuta madimbwi hayo ni haba, akashusha viwango vyake taratibu, kama tulivyofanya sote. Wa tatu ni mbu wa kidingapopo, ile homa ambayo mtaani wanaiita dengue. Huyu ni mweusi, ana pete nyeupe miguuni, na ni mtanashati kuliko wengi wetu ofisini. Anafanya kazi mchana, asubuhi na alasiri, akipumzika jua likiwa kali, kwa hiyo chandarua chako hakimhusu. Anataga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia: pipa, ndoo, tairi, chungu cha maua. Wala hasafiri mbali. Huzaliwa, huolewa, huuma na kufa katika mtaa mmoja. Ukiumwa naye, mshukiwa wako ni jirani.

Msidhani tulikuwa tukishinda. Tuliwahi kuleta samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, tukawatia kwenye visima vya Magomeni, tukajivunia mnyororo wa chakula tuliouunda. Haukupita mwezi nikawakuta samaki wetu Mnazi Mmoja, ndani ya chupa za maji, wakiuzwa kama samaki wa mapambo kutoka ng'ambo. Tulikuwa tumesahau kumchora mchuuzi kwenye mnyororo. Mara nyingine, baada ya mvua kubwa, nilizunguka Mchikichini nzima nikitafuta chanzo cha mbu waliokuwa wakiwatafuna wauza mitumba, nikawakuta viluwiluwi kwenye buti la mpira lililoning'inizwa kwa maonesho. La kushoto. La kulia lilikuwa na tundu. Muuzaji alikataa nisilimwage mpaka nilinunue, na kwenye hesabu za kitengo cha kudhibiti mbu kuna buti moja ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kulielewa.

Nafika sasa kwenye kesi ambayo vijana wananiuliza kila mara, kwa sababu wameisikia vibaya.

Nyuma ya jengo moja la ghorofa, katika mtaa wa maduka ya vyombo vya plastiki, palikuwa na uchochoro. Humo alipikia Bi Somoe, mama wa makamo kutoka Lindi, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Aliwalisha makuli wanaobeba mizigo ya maduka yale: wali, maharage, samaki, na ugali kwa wanaotaka kushiba hadi jioni. Maji yake aliyaweka kwenye mapipa mawili, wazi, kando ya jiko. Jengo lenyewe lilikuwa la Baba Glory, mfanyabiashara wa jumla wa ndoo, mabeseni na mapipa, ambaye makuli walimwita Mangi kama wanavyomwita kila mwenye duka anayetoka Kilimanjaro. Duka lilikuwa chini, familia ilikaa juu, na katikati palikuwa na ua uliofungwa kwa geti la chuma lililofungukia uchochoroni.

Januari moja mke wake, Mama Glory, aliugua kidingapopo. Haikuwa homa ndogo. Alilazwa, fizi zikatoka damu, na kwa siku kadhaa madaktari walikuwa wakimjibu mumewe kwa sentensi fupi. Alipoanza kupata nafuu, Baba Glory alikuja ofisini kwetu akiwa na macho ya mtu ambaye hajalala na hasira ya mtu aliyekwisha kumpata mkosaji. Alieleza kwamba kwenye uchochoro wake kuna mwanamke mwenye mapipa wazi mchana kutwa. Serikali ya mtaa ilikuwa imekubali kumwondoa Jumatatu iliyofuata. Kilichohitajika ni saini ya kitengo chetu tu.

Bwana Elirehema alinituma mimi. “Kapime,” akaniambia. “Ukikuta, saini. Usipokuta, urudi na jibu lingine, maana mke wa mtu amelazwa na mtaa unataka mkosaji.”

Kabla hamjasema kwamba Bi Somoe angehamia uchochoro mwingine, kumbukeni kwamba Kariakoo hakuna uchochoro mwingine. Kila mazingira yana idadi ya viumbe yanayoweza kuwabeba, na kila kipande chenye riziki kina mwenyewe. Mama lishe akitolewa kwenye eneo lake haendi kuanza upya. Anaenda kugombana na mama lishe mwenzake mwenye wateja wake, na kwa kawaida mgeni ndiye anayeshindwa. Bi Somoe alilijua hilo. Aliponiona na kata yangu hakunikaribisha.

Niliteka kwenye mapipa yake yote mawili, juu na chini, pembeni na katikati. Sikupata kitu. Kiluwiluwi anahitaji zaidi ya wiki moja ya maji yaliyotulia kabla hajapata mabawa, na maji yale hayakuwa na utulivu wa saa moja: yalichotwa, yakaisha, pipa likasuguliwa kwa makumbi ya nazi na mchanga, likajazwa tena. Nilipomweleza hivyo alinitazama kana kwamba nimemgundulia kuwa jua huchomoza.

“Mwanangu, maji yangu adhuhuri hayafiki,” akasema. “Huyo mbu akitaka kuzalia humu, aje na yeye aoshe sahani.” Kisha, ili nisije nikamdhania mtaalamu, akaongeza kwamba mbu wote wa Kariakoo huletwa na marobota ya mitumba kutoka Ulaya, jambo ambalo kila mtu analijua.

Nikaenda kwenye ua wa Baba Glory. Alinifungulia geti mwenyewe. Mapipa yalikuwapo mengi, makubwa ya bluu, yamepangwa ukutani, matupu, makavu kabisa. Alinieleza kwamba aliyamwaga maji yote siku yeye na familia waliporudi kutoka Moshi, baada ya kuyatumia kidogo, kwa kuwa hakuyapenda yalivyokuwa. Tena wakati wa safari mapipa yote yalikuwa yamefunikwa kwa kanga kuukuu.

“Dada Afya, mimi nimefunika, nimemwaga, nimeanika,” akasema. “Yule mama maji yako wazi. Hapo unahitaji shahada?”

Nilihitaji. Ila nilihitaji pia kitu ambacho shahada hainipi, nacho ni kwamba mimi sina kwetu pa kwenda Desemba.

Wanaikolojia husafiri kutoka dunia nzima kuja kutazama nyumbu wakihama. Sijui kwa nini hawaji Kariakoo wiki ya kabla ya Krismasi. Maduka ya jumla yanafungwa moja baada ya jingine. Magari yanajazwa mchele, mafuta ya kupikia, magodoro na watoto waliovalishwa masweta kabla hata hawajafika Chalinze. Kundi zima linaelekea kaskazini, kwenye migomba na makaburi ya babu, na kama ilivyo kwa nyumbu, anayebaki nyuma huulizwa ana tatizo gani. Mji unakuwa mtupu kiasi kwamba unaweza kuinama katikati ya barabara ukafunga kamba ya kiatu. Na kitengo chetu kilihama pia. Bwana Elirehema alikuwa wa Machame, karani wetu wa Marangu, wapimaji wawili wa Rombo. Kila Desemba chati yetu ya mbu ilikuwa na pengo jeupe, na kila Januari mbu wa mchana walikuwa wamepanda ghafla. Bwana Elirehema aliandika sababu kuwa ni mvua za vuli. Hata mwaka ambao vuli haikunyesha aliandika hivyo hivyo, kwa mkono thabiti.

Mimi ni Mwislamu wa Magomeni. Kihamba, lile shamba la ukoo mlimani, sina, na migomba niijuayo ni ya sokoni. Desemba ile, kama nyingine zote, nilikuwa nikitembea kwenye mitaa iliyofungwa kwa raha ya mtu aliyeachiwa nyumba, na nilikuwa nimeona kitu ambacho sikukitilia maanani. Siku za mwisho kabla ya safari, maboza ya maji yalipita nyuma ya maduka na kujaza kila kilichoweza kujazwa. Mwisho wa mwezi, mji ukiwa mtupu, nilimwuliza mlinzi wa Baba Glory sababu. Akanijibu kwamba hayo ni maji ya kurudia: Januari kuna mgao, na mtu hawezi kutoka safari ndefu na familia nzima yenye vumbi akakuta mabomba makavu. Kwa hiyo hujaza, hufunika kwa kanga, hufunga geti, huondoka. Mlinzi alinieleza hayo akiwa amejifunika koti ndani ya kibanda chake, anatetemeka kwa homa. Hakuna aliyeichunguza homa ile, kwa sababu homa ya mlinzi huitwa uvivu.

Nilisimama kwenye ule ua mkavu nikaona mambo yakijipanga. Maji mengi, safi, yaliyotulia, yasiyoguswa na mtu, kwa muda mrefu kidogo kuliko ule ambao mbu anauhitaji. Kanga ikilegea huzama katikati na kulowa, na hakuna kitu mbu huyu anachokipenda kama kitambaa kilicholowa. Kizazi kizima kilipata mabawa wakati wenyewe wakila ndizi mlimani. Mlinzi mwenye homa alikuwa pale pale, wakamwuma kwanza, wakachukua ugonjwa. Kisha familia ikashuka kutoka kwenye gari.

Kueleza ni rahisi. Kuthibitisha kwa mtu mwenye mapipa makavu ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipomkumbuka mbu mwenyewe. Huyu hatagi mayai ndani ya maji bali ukutani mwa chombo, pale maji yanapoishia, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Unamwaga maji, unaanika pipa, unaridhika. Yeye yuko pale ndani ya yai, mweusi, mdogo kuliko punje ya ufuta, anasubiri maji yarudi. Kiumbe yeyote anayeishi mahali pasipotabirika hujifunza kusubiri. Ndiyo maana mbu huyu na sisi wa Dar tumeelewana.

Nilimwomba Baba Glory anipe pipa moja, nikamwomba Bi Somoe anipe moja. Wote wawili walikataa, Baba Glory kwa sababu hakuona maana na mama kwa sababu aliona maana yote: pipa lake likienda kwenye majaribio, sahani ataoshea nini. Nilipomweleza kwamba bila pipa hilo Jumatatu hatakuwa na sahani za kuosha, alilileta mwenyewe, akiliburuza. Kuona hivyo, Baba Glory naye akatoa lake.

Tuliyajaza yote kwa bomba moja, mbele ya makuli waliokuwa wakila. Nikafunika kila moja kwa kitambaa cha chandarua, asiweze kuingia wala kutoka hata inzi. Kisha nikaamua kila mmoja afunge pipa la mwenzake. Baba Glory alifunga la Bi Somoe kwa kamba ya katani, akaizungusha mara nyingi kama anayefunga mzigo wa kusafiri hadi Tunduma. Bi Somoe alifunga la Baba Glory kwa kipande cha kanga.

“Mangi, hilo ni fundo la Kimwera, la kwetu Lindi,” akamwambia. “Ukilifungua nikalirudia mimi, nitajua. Ukilifungua ukalirudia wewe, hata makuli watajua.”

Makuli walicheka. Baba Glory hakucheka. Alikuwa na mke hospitali, na nawakumbusha vijana wangu kwamba mtu wa namna hiyo hata akikukosea huwezi kumwona mbaya. Alitaka tu pawe na mtu aliyefanya jambo lile, na mtu huyo awe mbali kidogo na nyumbani kwake.

Jumatatu asubuhi tulikutana uani. Maofisa wa mtaa waliokuja kumwondoa Bi Somoe waliahirisha kazi yao ili watazame, na baadhi yao wakaagiza chai kwake wakati wakisubiri. Bwana Elirehema alikuja pia, shati lake likiwa limepigwa pasi kama kawaida. Makuli wakanong'onezana kwamba mamangi sasa wako wawili na mama hana lake. Kila mmoja alikagua fundo lake akakiri ni lenyewe. Nikafungua la Bi Somoe, nikateka. Maji matupu, yenye harufu ya mbali ya vitunguu. Nikafungua la Baba Glory, nikateka. Mwanzoni hata mimi sikuona kitu, nikaigeuzia kata juani. Kisha mwanga ukaingia kwenye kata, na weupe wake ukajaa viluwiluwi wachanga, wembamba kama nyuzi zilizokatwa, wakijikunja na kujikunjua.

Baba Glory aliichukua kata mikononi mwangu. Akaitazama muda mrefu.

“Mtakuwa mmewatia ninyi,” akasema, lakini bila nguvu.

“Fundo umelikagua mwenyewe, Mangi,” akasema mmoja wa makuli.

Aligeuza ndoo ya dukani kwake, akaikalia. “Kwa hiyo Mama Glory,” akaanza, na hakumaliza. Bi Somoe, ambaye nilitarajia angeshangilia, alimimina chai kwenye kikombe akakiweka sakafuni karibu na mguu wa Baba Glory, kisha akarudi kwenye jiko kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua.

Bwana Elirehema alinivuta pembeni. Nilidhani anataka kunipongeza. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama pipa linaweza kusafishwa kwa maji ya moto tu, au ni lazima brashi. Nikamjibu ni lazima brashi, ukuta wote, hasa pale maji yanapoishia. Akaniuliza kama nina hakika. Hapo nikaelewa kwamba nyumbani kwake, Mbezi, kuna maji ya kurudia pia. Mtaalamu wa mbu wa mji mzima alikuwa akifuga mbu kila Desemba, akirudi anawapima, kisha anailaumu mvua. Sikumcheka siku ile. Nilisubiri hadi sherehe yake ya kustaafu.

Saini haikuwekwa, Bi Somoe hakuondolewa. Lakini maji ya kurudia hayakuweza kufutwa kwa amri. Nilijaribu mitaa mingine, nikajibiwa kwamba mgao nao ufutwe. Suluhisho lilitoka kwa Mama Glory, alipopona. Alisema tatizo la maji yale ni kwamba hakuna anayeyatumia. Basi atumie anayebaki. Desemba iliyofuata Bi Somoe aliachiwa ufunguo wa geti, kwa makubaliano kwamba atachota humo, pipa moja baada ya jingine, atasugua na kujaza upya, ili maji yasilale. Nilipita na kata yangu kila wiki. Sikupata kiluwiluwi hata mmoja. Januari hiyo chati yetu, kwa mara ya kwanza, haikuwa na pengo wala mlima, na Bwana Elirehema aliitazama kwa mashaka ya mtu aliyezoea kulaumu vuli.

Kitabuni nilisoma kwamba nafasi iliyoachwa wazi katika mazingira haikai wazi. Nilikuwa nikiwafikiria mbu tu.

Siku chache baada ya kundi kurudi kutoka mlimani, Baba Glory alikuja tena ofisini. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia mwaka uliopita.

“Dada Afya, mbu hakuna,” akasema. “Hilo nalikubali. Mapipa yanang'aa kuliko ya dukani. Lakini yule mama ameingia uani.”

Nikamwambia ufunguo alimpa mwenyewe.

“Nilimpa wa kuchotea maji. Sasa ana majiko matatu mule, ana mabenchi, ana mdogo wake kutoka Lindi anakaanga mihogo kwenye kona yangu ya kuegesha gari. Makuli wananisalimia kwenye ua wangu kama mimi ndiye mteja. Nikimwambia atoke, ananiuliza maji yatasuguliwa na nani.”

Nilimweleza kwa uaminifu kwamba kitengo chetu kina punje za kuziba shimo, kina dawa ya unga kwa visima na mafuta kwa mitaro, na kwamba kwa kiumbe anayemlalamikia hatuna kitu. Alitikisa kichwa. Alikuwa amelitarajia jibu hilo. Nikamwuliza Mama Glory anasemaje.

“Mama Glory haninyweshi chai tena nyumbani. Anasema kuna mtu chini anapika.”

“Na wewe asubuhi hii umekula nini?”

Alitazama dirishani, upande wa sokoni.

“Supu,” akasema. “Na chapati mbili.”